Mkono wa Kushoto wa Valens

Ukitaka kumjua Valens Nizeyimana, usianzie nyumbani kwa mzee Kagabo. Huko utamkuta ameinama, anasema ndiyo mzee, sawa mzee, utadhani ni shemasi anayesubiri kutumwa. Anzia Gisimenti, hapa Kigali, kwenye saluni yake, Jumamosi mchana, viti vimejaa na mashine ya kunyolea inanguruma. Pembeni ana televisheni na gemu ya mpira, aliiweka eti kuwaliwaza wanaosubiri zamu. Wapi! Anayeliwazwa ni mwenye saluni. Mteja akithubutu kusema yeye ni mkali wa gemu, Valens anaiweka mashine chini, anamwacha aliye kitini na nusu ya kichwa, na anakwenda kushika rimoti. Kuna bwana mmoja wa benki alikaa hivyo hadi akapigiwa simu na bosi wake. Na Valens akishinda, mtaa mzima unasikia: "Nimekunyoa bila maji! Nani mwingine? Leo nanyoa bila maji!"

Huyo ndiye Valens. Mdomo huo aliupata mtaa wa Biryogo alikozaliwa, kwa mafundi cherehani waliokuwa wakitaniana kwa Kiswahili kuanzia asubuhi hadi adhana ya jioni. Kiswahili akakichukua chote, na majigambo yake yote.

Lakini adabu alipewa na mama yake, na mama yake ni Mukagasana, mwanamke asiyejua mzaha. Kwetu, ukimpa mtu mzima mkono, au ukimpa kikombe, au ukipokea chochote kutoka kwake, mkono wa kulia hauendi peke yake. Wa kushoto unakuja kushika kiwiko cha wa kulia, kuonyesha kwamba umempa heshima yako yote. Kila mtoto anafundishwa, ila wengine wanafundishwa kwa maneno. Mukagasana alifundisha kwa mwiko. Mkono wa kushoto wa Valens ukisahau, mwiko unaukumbusha pale pale mbele ya wageni. Matokeo yake, leo kijana ana miaka thelathini na mkono ule hauombi ruhusa kwake. Akimpa mteja kioo ajitazame, huo umefika kwenye kiwiko. Siku moja mpenzi wake, Uwera, alimwona akichomoa simu kwenye chaji kwa heshima zote, kiwiko kimeshikwa, kama vile ukuta ni shangazi yake.

Uwera ndiye aliyemmaliza. Aliingia saluni akiwa na nywele nyingi, akakaa, akasema, "Toa zote, bakiza kidogo tu." Valens akazitoa, na kichwa kilichobaki kikawa kizuri mno, yeye mwenyewe akashindwa kupangusa shingo ya mteja vizuri. Akauliza, "Utarudi lini?" Uwera akasema, "Zikiota." Akarudi kabla hazijaota. Basi, yaliyofuata mnayajua wenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kushika lango. Ndivyo tunavyoiita siku ile wazee wa mvulana wanapokwenda kwa wazee wa msichana kusema rasmi kwamba wana haja yao humu ndani. Bila lango kushikwa, hakuna posa, hakuna harusi, hakuna chochote, mtabaki kuonana kwenye mikahawa mpaka mzeeke. Na siku hiyo anaitoa baba wa msichana, na baba wa Uwera, huyo mzee Kagabo, alikuwa haitoi. Hakukataa. Angekataa ingekuwa afadhali, mtu angejua pa kwenda kulia. Alisema tu, "Tutaona." Alisema hivyo Pasaka, akasema hivyo Noeli.

Mzee Kagabo alikulia Karagwe, Tanzania, akaendesha malori kati ya Dar na Kigali nusu ya maisha yake, kisha akajenga Kinyinya, mahali ambapo hata leo ukiamka unasikia nyundo za majirani. Kiswahili chake kimenyooka kama barabara mpya. Daima amevaa kofia nyeusi, ndani na nje, na akikutazama unahisi unakaguliwa mizigo.

"Baba yako ananichukia," Valens alimwambia Uwera.

"Hakuchukii, hakujui," Uwera akajibu. "Juzi nilimsikia akimwambia mama, 'Yule kijana kila akija naona utosi wake tu. Uso wake siujui. Nitampaje binti yangu mtu nisiyemjua uso?'"

Sasa mtu mwenye akili, akiambiwa hivyo, si angeinua uso? Valens, maskini, aliona kosa lake ni kwamba bado heshima haijatosha. Ziara iliyofuata akainama zaidi, mpaka mzee akamuuliza kama ameangusha kitu.

Ndipo ikaja Jumapili ya gemu. Mahoro, mdogo wake Uwera, anafanya kazi ofisini Kiyovu, na anapenda kila kitu kipya kabla hakijazoeleka. Alinunua gemu ya aina mpya kabisa, akaileta nyumbani, akaalika watu waje kuijaribu. Valens naye akaalikwa. Akapiga pasi shati, akapanda pikipiki hadi Kinyinya, akafika langoni.

Lango la mzee Kagabo ni la chuma, zito, na kwa kuwa kiwanja kinateremka, ukiliachia tu linajifunga lenyewe kwa kishindo cha kuamsha mtaa. Mtu akiingia au akitoka, mwenzake lazima alishike. Siku hiyo alilishika Uwera, huku anamnong'oneza, "Leo uwe Valens wa Gisimenti, tafadhali."

"Yego, ndiyo," Valens akajibu, na hatua tatu mbele alikuwa ameshainama. "Shikamoo mzee." Mkono wa kulia mbele, wa kushoto kiwikoni.

"Marahaba," mzee Kagabo akauambia utosi.

Sebuleni viti vilikuwa vimesogezwa ukutani. Mahoro akaonyesha vitu viwili vyeusi, kila kimoja kinaenea kiganjani, na mkanda wa kufunga kwenye kifundo cha mkono. Rimoti, lakini hazina waya, na vitufe vyake havina kazi kubwa.

"Hii haichezwe na vidole," Mahoro akaeleza. Kiswahili chake ni cha Kigali hasa, na l na r kwake ni mapacha asiojua nani ni nani. "Iko na akili. Inaona mukono. Unapiga hapa, kale kamutu ka kwenye televisheni kanapiga kule. Funga moja kuria, moja kushoto."

"Kulia," baba yake akasahihisha.

"Ndiyo, kuria."

Wakaanza na tenisi, Mahoro na Uwera, wakipiga hewa na kupiga mayowe. Kisha mama yao, Mukandayisenga, aliyekuwa amesema yeye ni mtu mzima na mambo hayo ni ya watoto, akasema ajaribu kidogo tu. Alipiga mpira wa kwanza kwa nguvu, akaangusha maua ya plastiki juu ya kabati. Akapiga wa pili, akamgonga Mahoro begani. "Mana yanjye, Mungu wangu, kumbe ni tamu hivi!" akasema, na hapo kumnyang'anya rimoti ikawa kazi. Alicheza na viatu vikiwa vimetupwa, kitenge amekikaza kiunoni, akimwita mpinzani wa kwenye kioo majina ambayo mabinti zake hawakujua anayajua.

Mzee Kagabo alitazama yote akiwa kitini. Kisha akasimama, akakunja mikono ya shati. "Ya ngumi ipo?"

"Iko, Papa," Mahoro akasema.

"Nifunge. Na yule kijana mfunge pia."

Uwera akamtazama Valens. Valens akaangalia sakafu. Apigane ngumi na baba mkwe! Kwa mila zipi? Lakini kukataa ni kukosa adabu, na kupiga ni kukosa adabu, na yeye hajafundishwa mtu afanye nini adabu mbili zikigongana. Akafungwa rimoti mikononi, moja kulia, moja kushoto, akasimama mbele ya televisheni. Kwenye kioo wakatokea wanaume wawili wenye glovu, mwekundu wa mzee, wa bluu wa Valens.

Kengele ikalia. Mwekundu akamtwanga wa bluu puani.

"Jibu!" Mahoro akapiga kelele.

Valens akajibu. Akarusha mkono wa kulia, na wa kushoto, bila kuambiwa na mtu, ukakimbia kushika kiwiko. Si alikuwa anampa mzee kitu? Ngumi ni ngumi, lakini inakwenda kwa mtu mzima, na mkono ule ulilelewa na Mukagasana. Gemu ikaona rimoti mbili zimekutana, ikaelewa kwamba mchezaji anajikinga, na yule wa bluu akafunika uso kwa glovu zote mbili, akasimama kama mtu anayesali. Mwekundu akamtwanga tena.

Akarusha tena, kiwiko kikashikwa tena, wa bluu akajifunika tena. Mzunguko wa kwanza ukaisha hivyo. Wa pili pia. Mama mkwe alikuwa analia kwa kucheka kochini. Valens jasho linamtoka, anauambia mkono kwa moyo wote, wewe, kaa chini, leo tu, kaa chini. Mkono haujali.

Mwanzoni mzee Kagabo alifurahi. Alirukaruka, akapuliza hewa kwa pua, kofia ikayumba. Lakini katikati ya mzunguko wa tatu akasimama ghafla. Mwekundu naye akasimama.

"Kijana. Unaniachia?"

"Hapana, mzee."

"Hujarusha ngumi hata moja. Umejifunika tu, unasubiri nichoke." Akaanza kuvua mkanda wa rimoti. "Mimi si mgonjwa. Sichezi na mtu anayenihurumia. Mtu asiyeweza kunirushia hata ngumi ya hewa, siku nikikosea kweli ataniambia nini? Atainama?" Akaketi. "Uwera, niletee chai."

Hata Mukandayisenga akafuta machozi na kukaa sawa. Uwera hakwenda kuleta chai, alisimama pale pale, na Valens alipomwangalia aliona macho yake yamejaa maji, na si ya kucheka. Hapo akaelewa, kwa uchungu kabisa, kwamba "tutaona" ile ilikuwa inageuka kuwa hapana mbele ya macho yake, na kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya gemu! Yeye, bingwa wa Gisimenti, ameshindwa gemu bila kurusha ngumi! Kitu kikamchemka kifuani, na safari hii hakikuwa adabu.

"Mzee," akasema, sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, "sijakuachia. Mimi simwachii mtu gemu. Mama yangu mwenyewe simwachii. Ni huu mkono." Akauinua wa kushoto, na rimoti yake. "Tangu utoto nikimpa mtu mzima kitu, unakimbilia kiwikoni. Siuwezi. Nilifundishwa kwa mwiko. Tazama." Akarusha ngumi hewani kuelekea kwa mzee, na kweli, kushoto kukafika kiwikoni kabla kulia hakujanyooka.

Mahoro akapiga makofi. "Yooo! Ndiyo maana kamutu kanajificha!"

"Nipe mzunguko mmoja tu," Valens akasema. "Nikishindwa, nimeshindwa."

Aliyejibu ni mke wa mzee. Mukandayisenga alisimama, akafungua kitenge kilichokuwa kiunoni juu ya gauni, akamwendea Valens. "Leta huo mkono." Akaunyoosha chini ubavuni, akauzungushia kitenge, akaufunga kwenye mkanda wa suruali kwa fundo la mtu aliyebeba watoto mgongoni miaka mingi. "Sasa tuone utakimbilia wapi. Na wewe, mzee, inuka. Chai haijachemka."

Mzee akainuka.

Kengele ikalia. Valens akarusha kulia. Kushoto kukafurukuta ndani ya kitenge, kukakwama. Kwenye kioo glovu ya bluu ikaondoka peke yake, ikatua kwenye shavu la mwekundu, pah! Sebule nzima ikashangilia. Mzee akastuka, kisha akarudisha ngumi mbili za haraka. Valens akainama, lakini sasa alikuwa anainama kukwepa, akaibuka na nyingine. Pah! Jamani, mtu aliyebanwa muda wote akifunguliwa, huwezi kumzuia. Akasahau yuko Kinyinya. Akasahau kofia, akasahau lango, akasahau mwiko. Akamuona mpinzani tu.

"Njoo! Njoo hapa!" akapiga kelele. "Unakwenda wapi? Leo nakunyoa bila maji, mzee! Bila maji!"

Na ngumi ya mwisho ikamwangusha mwekundu chali.

Gemu ikapiga muziki wa ushindi. Uwera alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Valens alisikia maneno yake mwenyewe yakirudi masikioni, moja moja, na la mwisho lilikuwa "mzee". "Mbabarira, mzee," akasema kwa Kinyarwanda, maana msamaha wa namna hiyo mtu anauomba kwa lugha ya mama yake. "Nisamehe. Ni mdomo wa saluni."

Mzee Kagabo akamgeukia taratibu. "Umesema utaninyoa?"

"Nimekosa, mzee."

"Bila maji?"

Valens akarudi nyuma hatua moja.

Mzee akapandisha mkono kichwani, akaishika ile kofia ambayo wageni wote wa nyumba ile hawakuwahi kuiona ikivuliwa, akaivua. Chini yake kulikuwa na kipara kitupu, kinang'aa hadi taa ya dari inaonekana ndani yake. Akakiinamisha mbele ya Valens.

"Haya, nyoa! Wewe si fundi? Nyoa! Nitafutie hata unywele mmoja!"

Mtu mwingine angeshika adabu yake akanyamaza. Lakini Valens ni kinyozi, na kichwa kikiwekwa mbele ya kinyozi, jicho linafanya kazi lenyewe. Akakitazama. Akazunguka upande. "Mzee," akasema, "nyuma ya sikio kuna vinywele viwili."

Kisha mzee Kagabo akaangua kicheko ambacho hata majirani waliokuwa wanapigilia misumari walinyamaza kukisikiliza. Alicheka hadi akashika kochi. Mukandayisenga akacheka kwa sababu mumewe amecheka, Mahoro akalala kabisa chini, na Uwera akalia na kucheka pamoja asijue aanze na kipi.

"Viwili!" mzee akasema, akijifuta macho kwa kofia. "Mke wangu hajawahi kuniambia! Viwili!" Akamshika Valens kidevu, akauinua uso wake, akautazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kumbe ndiye wewe. Ulikuwa umejificha wapi siku zote?"

"Hapa hapa, mzee."

"Haya, turudie. Na safari hii nakupitishia lori."

Wakarudia, wakarudia tena. Mzee alimwangusha Valens kwa haki kabisa, akizunguka sebule anapiga honi kwa mdomo, kipara wazi, na Valens akakasirika kikweli, akadai gemu imekosea kuhesabu, wakabishana kama watu waliojuana tangu enzi za barabara za vumbi. Chai ilichemka, ikapoa, ikapashwa moto. Mama naye akarudi kwenye tenisi, akawaangusha wote wawili, na hakuna aliyemwachia.

Jua lilipoanza kushuka Valens akaaga. Watu wote wakamsindikiza, yeye anacheka, wao wanacheka, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mkono wake wa kushoto bado umefungwa kwa kitenge cha mama mkwe. Mzee Kagabo akatangulia, akafungua lango, akasimama kando yake.

"Shika lango, kijana."

Valens akaruka, akalishika lile chuma kwa mkono wa kulia, akakaza miguu lisijifunge. "Nimelishika, mzee!"

"Siyo hivyo, wewe," mzee akasema. "Jumamosi. Waambie wazee wako waje washike lango."

Nyuma yao Uwera akapiga ukelele, akamrukia mama yake shingoni. Valens alibaki amening'inia kwenye lango. Mkono wa kushoto ulikuwa unapigana na kitenge kwa nguvu zake zote, unataka kupanda kwenye kiwiko ukashukuru, na mzee akauona.

"Utulize huo," akasema. "Jumamosi uje nao, wazee wangu watautaka. Leo mimi nipe mmoja tu." Akamnyooshea mkono.

Ili kuupokea ilibidi Valens aliachie lango. Akaliachia, akampa mzee mkono wa kulia peke yake, uso juu, macho kwa macho. Lango likajifunga kwa kishindo, na yeye akabaki ndani.